Jinsi Kikao Chetu cha Jumamosi Kilivyofika Mbozi

Kama asubuhi hii umeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, si kwa sababu ya baridi bali kwa sababu mkono mmoja hauwezi, basi nimekuandikia wewe. Na kama si wewe bali ni mumeo, au mama yako, au kaka yako, keti pia, una mahali pako humu. Sitaeleza habari za ini wala damu, maana mimi ni fundi cherehani, si daktari. Nitaeleza yaliyonipata kadiri yalivyofuatana, na pale nilipokosea nitakwambia, usije ukakosea hapo hapo. Makosa mengine yapo, utayapata mwenyewe.

Nilishona Tunduma kwa miaka mingi, kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja karibu na kituo cha forodha. Ilikuwa miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tunduma ilikuwa barabara moja ya vumbi, maduka machache, na malori yaliyosimama kungoja karatasi kabla ya kuvuka kwenda Rodesia ya Kaskazini. Upande wetu tulikunywa pombe ya ulezi. Upande wa pili walipika kachasu, kinywaji kikali kinachowaka kama mafuta ya taa. Mpaka ule ulizuia vitu vingi, lakini kachasu haukuizuia.

Nilianza kama wote. Kwetu pombe ya ulezi ni ya watu wengi kwa pamoja. Chungu huwekwa katikati, huongezwa maji ya moto, na kila mmoja huingiza mrija wake wa tete akavuta. Ukialika watu wakusaidie kulima, pombe ndiyo asante yako. Ukifiwa, ndiyo pole yao. Kanisani tulikatazwa, na baadhi ya waliotukataza Jumapili walikuwa bado wananukia ya Jumamosi. Wengi hunywa hivyo maisha yao yote na wasipatwe na kitu. Mimi nilipatwa. Kwa nini mimi, sijui, na nimeacha kuuliza.

Mwanzoni nilikunywa nikimaliza kazi. Baadaye nikawa nakunywa ili niweze kuianza, kwa sababu uzi haukuingia kwenye tundu la sindano mpaka nimeze kachasu kidogo. Miguu ikavimba, viatu vikanikataa, nikawa nakanyaga cherehani peku. Uso ukakonda huku tumbo likikua. Macho yakawa manjano kama yametiwa bizari. Halafu siku moja mwalimu wa shule akaja kuchukua koti lake. Akavaa mkono mmoja, akajaribu wa pili, akajaribu tena, akageuka kunitazama.

"Fundi Yoramu," akasema kwa upole, "umenishonea mikono miwili ya kushoto."

Watu barazani walicheka mpaka Mhindi akatoka ndani kuona kuna nini. Mimi pia nilicheka. Nyumbani, mke wangu Tabita hakucheka.

"Baba Ester," akasema, "leo umekosea koti la mwalimu. Utakapokuja kushona sanda yako, hata hiyo hutaipatia."

Akamchukua binti yetu Ester, aliyekuwa na miaka kumi na minne, wakaenda kwa kaka yake, kijiji cha Chapwa. Chapwa si mbali, ni mwendo wa kutembea tu, na hilo ndilo lililoniuma. Angeweza kurudi siku yoyote, na hakurudi.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, nilikwenda zahanati. Wagonjwa tulikaa barazani kwenye benchi refu, na kila mmoja akiitwa sisi wengine tulisogea hatua moja, tukikalia joto alilotuachia mwenzetu. Ninalikumbuka lile benchi kuliko dawa yoyote niliyopewa. Ukikaa saa nne karibu na mtu, atakuuliza unaumwa nini. Niliwaambia wote malaria. Nilipofika mbele nikamwambia na dresa, mganga msaidizi wa zahanati, vile vile. Dresa akaniinamia, akavuta pumzi.

"Malaria yako, mzee, imepikwa ng'ambo," akasema. Kisha hakutania tena. Aliibonyeza miguu yangu kwa kidole, akatazama shimo la kidole lilivyokawia kujaa, akaandika karatasi ya hospitali ya Mbeya.

Nilikwenda juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, nikalazwa miezi minne. Siku za kwanza, pombe ilipokuwa ikitoka mwilini, niliona siafu wakipanda ukutani kwa mstari, wanakuja kitandani kwangu. Kitanda cha jirani alilala mzee Msafwa aliyevunjika mguu. Nilimwomba awaue. Naye akanyoosha fimbo yake akapiga ukuta, pa, pa, pa. "Wamekufa," akasema. "Lala." Baada ya kitambo nikawaona tena, akapiga tena. Alifanya hivyo siku mbili. Ukuta ulikuwa mtupu, na yeye alijua. Sikumwona tena baada ya hapo, na sijui kama mguu wake ulipona.

Daktari aliponiruhusu alisema maneno machache. Mwili wangu umesamehe safari hii, usitegemee utasamehe nyingine. Nikarudi Tunduma na mvua za kwanza, miguu imenywea, macho meupe. Nikapita Chapwa kumwonyesha Tabita. Alinitazama kutoka juu hadi chini kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Nimekuona," akasema. "Nitaangalia."

Nilikaa siku tisa bila kunywa. Siku ya kumi palikuwa na kilimo cha jirani, nikapewa mrija, na kukataa mrija wa mtu aliyekualika ni kama kumtemea mate. Nikasema nitavuta mara moja. Nadhani unajua yaliyofuata, sina haja ya kuyaandika.

*

Sasa nikueleze Lazaro alivyokuja, kwa sababu vikao vyetu vyote vilianzia hapo.

Lazaro alikuwa Mnamwanga wa kijiji cha Mpemba aliyefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye migodi ya shaba, kule Rodesia ya Kaskazini, na mkataba ulikuwa umekwisha. Alikuja barazani kwangu saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa napambana na sindano.

"Mwapoleni mukwai," akanisalimu kwa Kibemba, kama ilivyo desturi ya waliotoka migodini.

"Nikushonee nini?"

"Hakuna. Nina suruali mbili, zote nzima. Mimi ni chakolwa."

Neno hilo la Kibemba kila mtu wa mpakani analijua: maana yake mlevi. Watoto humwimbia mtu nalo njiani. Sikuwa nimesikia hata siku moja mtu akijiita hivyo mwenyewe, tena asubuhi, tena hajalewa.

"Na mimi umeambiwa nini?" nikauliza, hasira ikinipanda.

"Nimeambiwa kuna fundi wa mikono ya kushoto."

"Kwa hiyo umekuja kunihubiria."

"Sijui kuhubiri. Tangu nimeamka ninataka kunywa, na hapa simjui mtu mwingine atakayenielewa. Nikikaa peke yangu mpaka saa nane, nitakuwa nimevuka mpaka. Niruhusu nikae hapa, fundi. Si lazima tuongee."

Nikamsogezea kigoda. Na kwa sababu alikaa kimya, nikamuuliza. Akanieleza kwamba mjini kwao mgodini palikuwa na Mzungu fundi wa mitambo, mlevi wa kupindukia. Mpishi wake naye alikuwa mlevi, akimalizia chupa za bwana wake. Halafu chupa zikaisha mezani. Mzungu alikuwa amepata barua kutoka Ulaya kwa mtu aliyekuwa mlevi kama yeye, na sasa kila wiki Wazungu wanne watano walikuja sebuleni, wakafunga mlango, wakasimuliana aibu zao huku wakinywa chai. Mpishi ndiye aliyepeleka chai. Mara ya kwanza alisikiliza kwa sababu ya umbeya. Mara ya tatu akasimama nje ya mlango na sinia mkononi, akilia.

"Hawakumkaribisha ndani?" nikauliza.

"Miaka ile, na Wazungu wale?" Lazaro akacheka. "Lakini maneno hayabaguliwi na mlango, fundi. Akayabeba akayaleta makambini kwetu. Tukaanza kikao chetu jikoni kwake. Wao sebuleni, sisi jikoni, ugonjwa mmoja."

Alisema ugonjwa. Lilikuwa neno jipya kwangu. Mpaka siku ile niliitwa mjinga, mzembe, aliyerogwa, mwenye dhambi. Mgonjwa niliitwa na dresa na daktari tu, na kwao kilichougua kilikuwa mguu wangu.

Lazaro alikaa mpaka saa kumi. Mimi sikunywa siku ile. Sikuwa nimeamua, nilikuwa tu na mgeni.

Kwa hiyo kikao cha kwanza cha Tunduma kilikuwa cha watu wawili na cherehani. Wa tatu alikuja Mama Sara, mjane aliyepika pombe iliyosifiwa kuliko zote mtaani, akaonja mpaka kuonja kukamshinda. Tukawa tunakutana nyumbani kwa Lazaro, pale pale Tunduma, kila Jumamosi baada ya saa sita. Utaratibu ni rahisi, nikueleze hapa hapa, unaweza kuanza kwako hata kesho. Mnakaa. Mnakunywa chai au togwa, ile tamu ambayo haijachacha. Kila mmoja anasema jina lake, anasema kuwa ni mgonjwa wa pombe, anaeleza wiki yake. Mwingine hamkatizi wala hamshauri. Basi.

Lakini neno lile ugonjwa lilituponza. Jumamosi ya nne tulikuta uani kwa Lazaro watu kama ishirini, wanawake wengi, kila mmoja na chupa au kibuyu, wengine na kuku wamefungwa miguu.

"Tumekuja kuchukua dawa," akasema mama mmoja. "Mume wangu hawezi kuja, amelala."

"Hatuna dawa, mama," Lazaro akasema.

"Mmesema ni ugonjwa."

"Ndiyo."

"Na nyinyi mmepona."

"Hatujapona. Hatujanywa leo."

"Basi hicho mlichokunywa badala yake ndicho ninachotaka."

Mama Sara akaleta birika, akammiminia chai kwenye chupa yake. Yule mama akaonja, akakunja uso. "Hii ni chai!" Watu wakadhani tunaficha. Wazee walikumbuka wale waliopita miaka ya nyuma wakitokea Nyasa, wakinywesha vijiji vizima dawa ya kufichua wachawi, na kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika kwa jumbe kwamba wamerudi. Jumbe alikuja mwenyewe Jumamosi iliyofuata, akakaa kwenye kiti, akasikiliza kikao chote, uso ameukaza. Tulipomaliza akauliza, "Ni haya tu?"

"Ni haya tu, jumbe."

"Mnakaa mnajisema wenyewe."

"Ndiyo."

"Hamsemi watu wengine?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Sijawahi kuona baraza la namna hii," akasema, akaondoka, wala hakutusumbua tena. Kuku tuliwarudisha. Wenye chupa hawakurudi, isipokuwa yule mama wa kwanza, ambaye baada ya mwezi alikuja na mumewe akimshika kiwiko.

Malori nayo yalitusaidia. Dereva mmoja wa Mbeya, akingoja karatasi za forodha, alikuja kukaa nasi kwa sababu kivuli cha uani kwa Lazaro kilikuwa kizuri, ndivyo alivyosema. Alikuja safari tatu kabla hajakiri kuwa hakufuata kivuli. Mwisho akaanza kikao chake Mbeya, nyuma ya gereji.

*

Ulezi ulipovunwa mwaka ule Tabita na Ester walirudi nyumbani. Hatukuongea mengi. Alifagia, akapika, akaniwekea chakula, na nilipoomba chumvi akasema, "Ipo palepale," na hayo yalikuwa maneno ya furaha kuliko yote niliyoyasikia mwaka mzima.

Nikawa mwenye raha, na raha ndiyo iliyonifanya mwerevu. Msimu wa mavuno ni msimu wa mirija. Kila siku unaalikwa, na kila mahali unapewa nafasi kwenye chungu. Ungekaaje pale bila kuvuta, na bila kuwaeleza watu habari zako? Nikapata njia. Tete lina vifundo, na ili liwe mrija ni lazima uvitoboe vyote. Nikachonga mrija wangu mzuri, nikaacha kifundo kimoja cha kati bila kutoboa. Nikaenda nao kila mahali. Niliuingiza chunguni, nikauweka mdomoni, nikavuta mashavu, nikafuta midomo. Hakuna aliyejua. Nilikaa na watu, nikacheka nao, na sikumeza hata tone.

Nilimwonyesha Lazaro nikitegemea sifa. Aliugeuza mkononi kwa muda.

"Kazi nzuri," akasema. "Inafanana na mikono ya kushoto."

Nilikasirika, nikamwona ana wivu.

Ilikuwa Mpemba, kwenye mavuno ya mtu mmoja niliyemshonea sare za kwaya. Tumekaa kuzunguka chungu, watu wanane. Kulia kwangu alikaa mzee mmoja mkarimu sana, mwenye macho ya kuona kila kitu. Alinitazama nikivuta, akatazama chunguni.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Mrija wako umeziba."

"Haujaziba, mzee."

"Umeziba! Unavuta upepo tu tangu umekaa, na mwenye nyumba hajaona. Aibu gani hii, mgeni akae na kiu." Akauchukua mkononi mwangu. Akachukua waya jikoni ukiwa mwekundu, akausukuma ndani. Nilisikia kifundo kikilia, tss, nikaona moshi kidogo ukitoka. Akapuliza, akaufuta kwa shati lake, akauingiza chunguni, akanirudishia huku wote wanatazama na kutabasamu kwa wema.

"Haya. Sasa kunywa."

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili matatu tu, niliyasema kila Jumamosi. Lakini ningewaambia vipi kwamba wiki sita zote nilikuwa nawadanganya? Nikavuta.

Siku nne. Lazaro ndiye aliyenitoa ng'ambo, kwenye kibanda cha wapika kachasu, akanikokota mpaka nyumbani. Safari hii miguu haikuvimba tu. Nilitapika damu, na dresa akamwambia Tabita ajiandae. Sikufa. Nilipoweza kuketi, Tabita alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimechoka kukuzika," akasema. "Nitakuuguza mpaka usimame. Ukianguka tena, mimi na Ester tutakwenda Chapwa na safari hiyo usipite kutuonyesha macho yako."

Lazaro hakunilaumu. Aliniambia jambo moja, nami nakuambia wewe: ugonjwa huu hauli pombe tu, unakula na siri. Ukiacha pombe ukaulisha siri, bado unaulisha.

*

Mwaka wa pili baada ya hapo, wakati wa kuchuma kahawa, Ester aliposwa. Kijana alitoka Mbozi, mtoto wa mkulima wa kahawa aitwaye Mzee Nzowa. Ester alimpenda. Nilijua kwa sababu alianza kuniuliza bei za vitambaa.

Hapa lazima nieleze desturi, la sivyo hutaona hofu yangu. Kwetu baba wa binti hakubali posa kwa maneno. Siku wakwe wanapokuja, chungu cha pombe huwekwa kati ya pande mbili. Baba wa binti huvuta mrija kwanza, kisha humpa mrija ule ule baba wa kijana. Hapo ndipo ndoa imekubaliwa. Asipovuta, amekataa, na wakwe husimama wakaondoka. Nimeona ikitokea.

Jumamosi nilieleza kikaoni. Tulipomaliza, Mama Sara akasema nivute tone tu kisha niteme. Mara hii nilimjibu mwenyewe, kabla ya Lazaro, kwamba tone langu linajulikana urefu wake. Nyumbani Tabita alisikiliza nilipomwambia sitaweza kuvuta.

"Na mtoto?" akauliza.

Nikivuta, nakufa, na Tabita na Ester wanaondoka. Nisipovuta, ndoa ya Ester inavunjika mbele ya watu kwa sababu ya baba yake. Wiki ile niliharibu vitambaa viwili, na mikono yangu ilikuwa mizima.

Walikuja asubuhi, watu saba, wakitembea kwa mstari kutoka lori lilipowashusha. Mzee Nzowa mbele, mwembamba, mwenye kofia. Nyuma yake dada yake, shangazi wa kijana, aitwaye Anyesi, mwanamke wa maneno. Waliketi. Salamu zikaenda zikarudi. Ester alikuwa ndani, nyuma ya mlango, niliona vidole vya miguu yake chini ya ubao. Chungu kikawekwa, maji ya moto yakamiminwa, mvuke ukanipanda usoni na harufu ile, ambayo mpaka leo mwili wangu huitambua kama jina langu. Nikapewa mrija.

Nikauweka chini, taratibu, juu ya mkeka.

"Mkwe wangu," nikasema, "jina langu ni Yoramu. Mimi ni mgonjwa wa pombe. Nikivuta mrija huu sitaacha mpaka unizike. Posa nimeikubali kwa moyo wote. Lakini kuvuta siwezi."

Kuku alipita katikati yetu.

"Ameweka mrija chini," akasema Anyesi kwa sauti ya kusikika. "Mmeona wote. Ameweka chini! Tumetoka Mbozi kuja kuambiwa baba wa bibi harusi ni mlevi? Si afadhali angelewa tu kimya kimya kama watu wengine?"

Mtu mmoja akacheka. Mzee Nzowa hakucheka. Alivua kofia yake.

"Unasema unaumwa," akasema.

"Ninaumwa, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Ester akiwa mdogo."

"Na desturi inasema baba ndiye avute."

"Ndivyo inavyosema."

Akashika magoti yake kama mtu anayetaka kusimama, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kukusanya miguu. Hapo Tabita akatoka mahali pa wanawake. Alipiga magoti mbele ya chungu, kati ya pande mbili, mahali ambapo sikuwahi kumwona mwanamke.

"Wakwe zangu," akasema, "mgonjwa akishindwa kula, nani humlisha?"

Jibu lake kila mtu alilijua.

"Mgonjwa akishindwa kwenda shambani, nani humlimia? Huyu nimemuuguza mimi. Nimemwosha damu mimi. Kinywa chake kina ugonjwa, changu ni kizima, na sisi ni mwili mmoja, mchungaji alituambia." Akauokota mrija, akauingiza, akavuta. Aliukunja uso, kwa sababu Tabita hakuipenda pombe hata siku moja. Kisha akaufuta kwa kitenge chake, akamnyooshea Mzee Nzowa kwa mikono miwili.

Mzee aliutazama. Niliuona mkono wake ukija polepole, ukisita, ukiushika. Akavuta. Nyuma ya mlango kitu kilianguka, nadhani ni Ester aliyekaa chini ghafla, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka watu wa forodha wakaja kutazama.

Walipokuwa wanaondoka, Mzee Nzowa alinivuta kando.

"Hiyo Jumamosi yenu," akasema akitazama barabara, "nyinyi hutembea? Mnaweza kufika kwa mtu?"

"Tunafika, baba. Ni kwa ajili ya nani?"

Hakutaja jina. Alisema tu tuje kabla mvua hazijaharibu barabara.

Tulikwenda mimi na Lazaro, kwa lori linalokwenda kuchukua kahawa, tukashuka Vwawa tukatembea. Mzee Nzowa alitupeleka kwenye banda la kuanikia kahawa, akatuwekea viti vitatu, birika, vikombe vitatu, akaondoka. Tukakaa. Harufu ya maganda ya kahawa ilikuwa nzito. Lazaro alisema jina lake na wiki yake, mimi nikasema langu na yangu, kiti cha tatu kikiwa kitupu. Chai ilikuwa imepoa Anyesi alipoingia. Alijifunika kitenge hadi mdomoni. Alisimama karibu na mlango kana kwamba amekuja kutafuta ungo.

"Niliwacheka," akasema.

"Tulisikia, shangazi," nikasema. "Karibu."

Akaketi. Mikono yake aliificha ndani ya kitenge. "Sijui inasemwaje."

"Sema ulivyoamka leo," Lazaro akamwambia.

Nje watu walikuwa wanageuza kahawa kwa reki.

"Jina langu Anyesi," akasema. "Nimeamka, nikanywa, ndipo nikapata nguvu ya kuja."

Hakuna aliyecheka. Lazaro akamwaga chai iliyopoa, akamimina nyingine ya moto, nusu kikombe tu ili isimwagike, akamsogezea.

"Basi umefika, shangazi," akasema.